Mafunzo ya bure ya kompyuta kwa watu wazima, Langoni Lamu: uzoefu wangu

Kituo kimoja cha jamii hapa Langoni kinafundisha watu wazima kompyuta bila malipo, wiki sita, Jumatatu hadi Alhamisi, saa nane hadi saa tisa unusu ili watu waiwahi swala ya alasiri. Hakuna ada ya fomu wala ya cheti. Gharama yako ni flashi, na karatasi ukitaka kuchapisha. Mashine ziko kumi na mbili na darasa halizidi watu kumi na wawili. Hilo kwangu ndilo la kwanza kusifiwa, kwani wawili wakigawana mausi moja, mmoja hujifunza na mwenziwe huangalia.

Wiki ya kwanza ni mausi na kibodi tu. Wapo wanaoiona ya kitoto wakaja wiki ya pili, na hao ndio wanaotaabika hadi mwisho. Kufungua faili hubonyezwa mara mbili upesi, na mkono usiozoea husogea kidogo kitufe kikiwa bado kimebonyezwa. Kompyuta haioni mabonyezo mawili, inaona mtu anayeburuta kitu, kwa hiyo faili halifunguki, linahama mahali. Dawa wanayofundisha ni kulaza kifundo cha mkono mezani, kisha kupunguza kasi ya mabonyezo mawili kwenye Control Panel (mipangilio ya kompyuta), upande wa Mouse. Kwa mzee ambaye vidole vimekaza ipo njia nyepesi zaidi: bonyeza mara moja, halafu Enter.

Jambo la pili wanalolifanya vizuri ni kukufunza faili limekwenda wapi. Hapa ndipo watu wazima wengi hukwama kwa miaka, wameandika barua nzima na hawajui imekaa wapi. Zoezi lao ni hili: unaandika mistari mitatu, unahifadhi kwenye folda ya Documents, unafunga kila kitu, unazima mashine, unaiwasha, unalitafuta. Kesho yake unalihifadhi kwenye flashi, unalifungua kwenye mashine ya jirani. Siku ya tatu unajitumia picha kwa WhatsApp, unaishusha kwenye kompyuta, na unajionea mwenyewe kwamba haikuingia Documents, imeingia Downloads. Ni kazi ya kuchosha, lakini baada yake hakuna anayesema tena "kompyuta imekula kazi yangu".

Stima nayo hukatika, na mashine za mezani hapo hazina UPS, betri ya kushikilia stima ikikatika. Word, programu ya kuandikia, huweka nakala ya dharura kila dakika 10 usipoibadilisha, kwa hiyo stima ikipotea unaweza kupoteza dakika tisa na zaidi za kazi. Ingia File, Options, Save, uandike 2 mahali pa 10, na bado uzoee Ctrl+S kila unapomaliza aya. Tena sahau kila kitu lakini usiisahau Ctrl+Z. Maandishi yote yakiwa yamechaguliwa, ukigusa herufi moja kwa bahati mbaya ukurasa wote hufutika, na Ctrl+Z huurudisha hapo hapo.

Wiki ya nne ni Excel, programu ya majedwali na hesabu, na hapa darasa linahitaji muda zaidi ya linaopewa. Zoezi ni daftari la chama cha kuchangiana pesa: majina, namba za simu, michango, tarehe. Ni zoezi zuri kwa sababu makosa yote ya kwetu yanatokea humo. Sisi tumezoea kuandika bei 200/= na Excel ikiona alama hizo inaichukua seli (kisanduku cha jedwali) kuwa ni maneno. Unaandika =SUM(C2:C13) kutaka jumla, inakupa sifuri, na hesabu haina kosa lolote. Angalia seli zenyewe: tarakimu halisi huegemea kulia, maneno huegemea kushoto. Chagua safu yote, bonyeza Ctrl+H, tafuta /= na mahali pa kubadilishia uache patupu. Jumla inakuja. Namba ya simu nayo hupoteza 0 ya mbele, hivyo tanguliza alama ya ' kabla ya kuiandika. Ukiona ##### usifute kitu, safu ni nyembamba tu, ipanue.

Tarehe ndizo zinazodanganya kimya kimya. Mashine kadhaa hapo zimewekwa mpangilio wa Marekani, mwezi kabla ya siku. Ukiandika 5/6/2025 kwa maana ya tarehe tano Juni, yenyewe inasoma tarehe sita Mei na haikuambii. Ukiandika 13/6/2025 inashindwa, inaegemea kushoto, na hapo ndipo utagundua. Ingia Settings, upande wa Region, uweke Regional format ya Kenya kabla ya kuanza. Kituo kingefanya hivyo kwa mashine zote mara moja, ni kazi ya nusu saa.

Lawama yangu kubwa ni barua pepe. Mwalimu, kwa nia njema, huwafungulia watu akaunti za Gmail kwa namba yake ya simu ili darasa lisichelewe. Google hukataa namba iliyokwisha kutumika mara nyingi, kwa hiyo wa mwisho hukosa. Wale waliopata, siku wakisahau nenosiri, msimbo wa kufungulia unakwenda kwa mwalimu. Barua pepe hiyo hiyo ndiyo watakayotumia eCitizen (tovuti ya huduma za serikali) na iTax (tovuti ya kodi). Njoo na simu yako, yenye laini iliyosajiliwa kwa jina lako, na uandike nenosiri kwenye daftari linalobaki nyumbani. Nenosiri likikataliwa, tazama Caps Lock kwanza.

Somo la iTax ni la siku moja, nalo halitoshi, ila linakuonyesha kurudisha ritani, yaani taarifa ya kodi ya mwaka, ya mtu asiye na kipato. Mwisho ni tarehe 30 Juni na faini ya mtu binafsi aliyechelewa haipungui shilingi 2,000, kwa hiyo siku hiyo moja usiikose.

Hewa ya chumvi imezila tundu za flashi za mbele kwenye mashine tatu. Chomeka za nyuma. Flashi ikitoka huko nje na ukaona folda zako zote zimegeuka njia za mkato (shortcut), usizibonyeze, ni virusi. Mpe mwalimu aisafishe, kazi zako mara nyingi zimefichwa tu.

Kujiandikisha ni asubuhi, kwa kitambulisho, na nafasi hujaa haraka baada ya Idi. Mnaotembea kutoka Shela, tazameni maji kabla ya kutoka, kwani bamvua (maji makuu) likijaa njia ya ufukweni haipitiki na darasa halingoji.