Mgahawa wa Kichina jirani na chuo: uanze kuupima kwa sahani ya viazi

Kuzunguka chuo chochote chenye wanafunzi wengi kutoka China, migahawa ya Kichina huota kama uyoga, na mapambo yake hayakuambii kitu. Taa nyekundu na joka la ukutani vinanunuliwa dukani. Yule paka wa dhahabu anayepunga mkono hata si Mchina, asili yake ni Japani. Wingi wa wateja nao unadanganya, maana wanafunzi hujaa popote penye shibe kwa bei ndogo. Kinachosema kweli ni sahani rahisi isiyo na pa kujificha, ndiyo maana tathmini hii inaanza na viazi.

Uliza kama wana tudousi. Kwenye menyu ya Kichina huandikwa 土豆丝, na mara nyingi haimo kabisa kwenye menyu iliyotafsiriwa, kwa hiyo swali lenyewe litakufunulia kama kuna menyu mbili. Ni viazi mviringo vilivyokatwa nyuzi za unene wa njiti ya kiberiti, milimita 2 hivi, vikaoshwa mara mbili tatu mpaka maji yasiwe na ukungu, vikachujwa, kisha vikapita kwenye karai la moto mkali kwa muda usiozidi dakika 2. Yanatangulia mafuta, pilipili kavu na punje chache za huajiao, kiungo cha Kichina kinachotia ganzi ulimini, halafu viazi na chumvi, na mwisho siki inayomiminwa kwenye kingo za karai ili harufu yake ipande na mvuke. Ikipikwa sawasawa, nyuzi zinakuja zimeachana, zinang'aa, na ukizitafuna zinalia kidogo mdomoni. Wasioijua hudhani haijaiva na huirudisha jikoni. Imeiva.

Makosa yake yanasomeka mezani. Nyuzi zikishikamana, wanga haukuoshwa. Zikilegea kama chipsi za jana, zilikaa karaini mno. Maji yakituama chini ya sahani, mpishi alipika oda tatu kwa mpigo: joto la karai likashuka, viazi vikachemka badala ya kukaangwa. Zikiwa na madoa ya kahawia, zilikatwa mapema zikaachwa nje ya maji. Mpishi anayezembea kwenye viazi atazembea na kwenye nyama, ila huko sosi itamfichia aibu.

Ukisharidhika na viazi, uliza mpishi anatoka mkoa gani, kisha agiza cha kwao. Hapa ndipo watu wengi wanapowaonea wapishi wazuri: wanamwagiza mtu wa Guangdong chakula cha pilipili, halafu wanalalamika. Huyo mwagize samaki wa mvuke kwa tangawizi na kitunguu cha majani, au mboga za kijani kwa kitunguu saumu. Wa kaskazini mashariki mwagize di san xian, yaani viazi, biringanya na pilipili hoho vilivyokaangwa pamoja, au jiaozi, vifuko vya unga vilivyojazwa nyama au mboga. Jiaozi za mkono huzijui kwa kuonja tu: mikunjo yake haifanani, na ngozi ni nene katikati, nyembamba pembeni, kwa sababu ilisukumwa moja moja. Za kiwandani ni mapacha watupu.

Mgahawa unaojiita wa Sichuan mwagize mpishi wake mapo doufu, sahani ya tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa) kutoka Chengdu, mji mkuu wa mkoa huo. Lazima mafuta mekundu yaelee juu, na wekundu huo utoke kwenye doubanjiang, kitoweo cha maharage mapana na pilipili kilichochachushwa. Tofu iwe laini ya kutetemeka lakini isimeguke ovyo. Kwa hilo hupitishwa kwanza kwenye maji ya moto yenye chumvi. Sosi igande kwenye tofu, si kuogelea pembeni, na hilo linahitaji maji ya wanga yamwagwe kidogo kidogo, mara mbili au tatu. Juu kabisa inanyunyizwa huajiao iliyosagwa. Huajiao si pilipili: ni ganda la tunda la mti ulio ukoo mmoja na michungwa, na kazi yake ni kuutekenya ulimi mpaka midomo ife ganzi. Ukipewa mapo doufu tamu, yenye njegere na karoti, isiyotia ganzi hata kidogo, jiko hilo halipiki Sichuan. Kama ganzi ipo lakini harufu ya limau haipo, huajiao imezeeka koponi. Hilo ni kosa dogo, linasameheka.

Menyu ndefu ni dalili mbaya kuliko sosi tamu. Sahani 180 zinazoanzia Beijing, zikapita Thailand na kuishia kwenye sushi zina maana moja tu: friji kubwa na sosi za ndoo. Kaunta za trei za moto tunaziweka mwisho kabisa, si kwa sababu ya mapishi bali kwa sababu chakula cha karai hufa ndani ya dakika chache na trei inakitunza maiti kwa saa nzima. Kuku wa Jenerali Tso, ambaye hakosi kwenye trei hizo, ana historia ya kuvutia: alibuniwa na Peng Chang-kuei, mpishi wa Hunan aliyehamia Taiwan, na utamu mwingi akaupata New York. Ukimpenda, mle. Usimtumie tu kama kipimo cha Hunan.

Tambi za mji wa Lanzhou ndizo tunazoziamini zaidi kwa anayekula peke yake. Ni chakula cha Waislamu wa kabila la Wahui, cha nyama ya ng'ombe, na wenyewe wanakipima kwa rangi tano: mchuzi mwangavu, figili nyeupe, mafuta ya pilipili mekundu, giligilani na majani ya kitunguu saumu ya kijani, tambi za manjano. Simama unapoweza kumwona mpishi. Donge la unga linakunjwa na kuvutwa, kila mvuto ukiongeza nyuzi maradufu, hivyo mivuto 8 inatoa nyuzi 256, na muda wote ni chini ya dakika moja. Utaulizwa unene, waambie er xi, unene wa kati, kama hujui uchague nini, kwa sababu zile za unywele hulainika kabla hujafika nusu ya bakuli. Mchuzi ukiwa na ukungu, mifupa ilichemshwa kwa moto mkali au povu halikuenguliwa.

Malatang ya kupimwa kwa uzito, yaani mboga, nyama na tambi unazojichagulia zikachemshwa kwenye mchuzi, inapendwa sana vyuoni, na ndiko pesa zinakovuja. Unajaza bakuli, linawekwa kwenye mizani, unachagua mchuzi na ukali. Mtu mmoja hushiba kwa gramu 400 hadi 500. Kung'uta mboga za majani kabla ya kuziweka, la sivyo unanunua maji. Tambi zilizolowekwa na vipande vya viazi vina uzito kuliko vinavyoonekana, ilhali ngozi ya tofu kavu na uyoga mwembamba vinajaza bakuli bila kuisumbua mizani. Angalia friji yenyewe: ikiwa nusu ni madonge ya samaki na soseji za kugandishwa, huku majani yamesinyaa, nenda kwingine. Likizo ndefu ndiyo msimu mbaya kwao, maana wateja wakiondoka mboga hukaa.

Programu ya kutafsiri menyu kwa kamera inasaidia, lakini isome kwa akili. "Sisimizi wapanda mti" ni tambi za wanga wa choroko na nyama ya kusaga. "Biringanya la harufu ya samaki" halina samaki. Lina kitunguu saumu, tangawizi, siki na sukari, ila huweza kuwa na nyama ya nguruwe iliyosagwa, kwa hiyo asiyekula aulize wazi. "Mapafu ya mume na mke" ni vipande baridi vya nyama na matumbo ya ng'ombe, na ni tamu kuliko jina.

Usiagize kila mtu sahani yake. Chakula hiki kimetiwa chumvi kwa hesabu ya wali mweupe na sahani za katikati ya meza. Mapo doufu peke yake itakushinda. Watu 3 waagize sahani 3: moja ya nyama, moja ya tofu au mayai, moja ya majani. Epuka saa saba mchana, vipindi vinapotoka na karai zinapojazwa kupita kiasi. Saa kumi na moja na nusu jioni jiko limepumzika na foleni haijaanza.

Ukibeba, omba mchuzi na tambi vifungwe mbalimbali, na toboa kifuniko cha chochote kilichokaangwa kikavu, kwani mvuke unakilainisha njiani. Tambi za Lanzhou usizibebe kabisa.