Rufaa au mapitio: ukitaka hukumu ya kiwanja itenguliwe

Tuseme Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hapa Mwanza limempa jirani yako kiwanja chako cha Ilemela. Njia mbili za kuupinga uamuzi huo, rufaa na mapitio, vijiweni hutajwa kana kwamba ni kitu kimoja.

Mapitio hurudi palepale, kwa chombo kilichotoa uamuzi. Yanafaa kosa likiwa linaonekana waziwazi kwenye kumbukumbu: hukumu imesema kiwanja namba 12, amri ikaandika 21. Au umepata ushahidi mpya ambao hukuweza kuupata kabla hata kwa jitihada. Kutoridhika tu si sababu.

Rufaa hupanda ngazi. Shauri likianzia Barazani, unakwenda Mahakama Kuu ndani ya siku 45. Huko unaweza kudai sheria ilitafsiriwa vibaya, au ushahidi haukupimwa sawasawa. Ukichelewa, omba kuongezewa muda kwa sababu za msingi. “Nilikuwa ziwani navua” sidhani kama itatosha.

Kwa migogoro mingi ya mipaka ningechagua rufaa. Ila yenyewe haisimamishi utekelezaji: usipoomba amri ya kuusimamisha, dalali wa mahakama anaweza kufika kubomoa uzio huku faili lako likisubiri tarehe.