Kumpata mhandisi wa programu aliye mbali: njia za kuchagua kwa wafanyabiashara wa Mtwara na Lindi

Mwenye ghala Masasi, mwenye kiwanda cha kubangua korosho Newala au mwenye maduka ya pembejeo Nachingwea akitaka mfumo wa kompyuta unaofuata biashara yake, mara nyingi mtu wa kuutengeneza hayuko jirani. Yuko Dar es Salaam, Dodoma, Arusha, au nje kabisa ya nchi. Kazi yenyewe haimlazimu kukaa ofisini kwako, kwa hiyo umbali usikutishe. Kinachopaswa kukushughulisha ni nani utamshika mfumo ukikwama katikati ya msimu. Kwa kigezo hicho nimezipanga njia hizi.

Ya kwanza: mhandisi huru wa hapa nchini, kwa mkataba wa maandishi. Kwa biashara ndogo na za kati, sioni njia inayoizidi hii. Mnaelewana kwa Kiswahili, analipwa kwa shilingi, anajua malipo ya simu na risiti za EFD yanavyokwenda, na mkikosana nyote mko chini ya sheria moja. Mtafute kupitia mfanyabiashara ambaye umeuona mfumo wake ukifanya kazi, au kupitia walimu wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) na ndaki ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kisha mpigie mteja wake wa zamani umuulize: siku mfumo ulipogoma, alipokea simu?

Usimchague kwa kuangalia picha nzuri za kazi zake. Mpe jaribio dogo, na ulilipie. Kwa mfano, mwambie aandike hesabu ya malipo ya mkulima mmoja aliyeleta korosho mara tatu, mzigo mmoja ukiwa wa daraja la pili, bei ya kila mnada ikiwa tofauti, na makato ya mjengeko (tozo na gharama zinazokatwa kwenye bei ya mkulima) yakitolewa kwa kila kilo. Sikiliza maswali yake. Anayefaa atauliza makato yakibadilika msimu unaofuata itakuwaje, karani akikosea kilo nani ana ruhusa ya kusahihisha, na je, kumbukumbu ya kosa itabaki? Anayeanza kuandika bila kuuliza chochote atakuletea mfumo wa mtu mwingine.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba unamtegemea mtu mmoja. Anaweza kuugua, au kupata ajira kubwa akakuacha. Ndiyo maana akaunti ya seva (kompyuta inayohifadhi mfumo), jina la tovuti na hazina ya msimbo (maandishi ya programu yanayouendesha mfumo), iwe GitHub au kwingine, zifunguliwe kwa barua pepe ya biashara yako tangu siku ya kwanza, yeye apewe ruhusa ya kuingia tu. Mkataba useme wazi kwamba msimbo ni mali yako ukishaulipia. Malipo nayo yaende kwa hatua, kila hatua ikiishia kwenye kitu unachoweza kukifungua na kukijaribu mwenyewe.

Ya pili: kampuni ya programu ya Dar es Salaam. Ni ghali zaidi na huwa na mlolongo, lakini akiondoka mmoja yupo mwingine. Kwa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima), chama kikuu kinachoviunganisha vyama hivyo au yeyote anayeshika fedha za wakulima wengi, hii ndiyo ningeiweka juu ya ile ya kwanza. Kisome kwa makini kifungu cha matengenezo: watajibu ndani ya saa ngapi, na je, Jumamosi ya mnada imo?

Ya tatu: masoko ya mtandaoni ya kuajiri watu huru kwa kazi moja moja, kama Upwork na Fiverr. Yanafaa kwa kipande kidogo chenye mipaka inayoeleweka, kama tovuti ya hoteli Mikindani au kurekebisha ukurasa wa malipo. Kwa kazi ya bei moja mliyokubaliana mwanzoni, Upwork hushikilia pesa hadi uikubali kazi. Lakini angalia: kazi ikishawasilishwa nawe ukakaa kimya siku 14, pesa inaachiliwa yenyewe. Usimpe mtu wa huko mfumo mzima wa ghala. Kumweleza mgeni stakabadhi ghalani (utaratibu wa kuuza mazao yakiwa ghalani kwa risiti na mnada) ni nini kutakula muda mwingi kuliko kazi yenyewe.

Ya nne: Toptal, Andela na wenzao, kampuni za kimataifa zinazokuunganisha na wahandisi walio mbali. Huwachuja wahandisi kabla ya kukuletea, na bei zao zimepangwa kwa kampuni kubwa za nje. Wachache sana huku kwetu wanazihitaji.

Njia yoyote utakayochukua, dai mfumo unaoendelea kupokea mizigo hata mtandao ukikatika. Mei 2024 kimbunga Hidaya kiliikata barabara ya kusini eneo la Somanga, na siku chache baadaye hitilafu ya nyaya za baharini ikayumbisha intaneti nchi nzima. Karani aliye kwenye mizani hawezi kuwaambia wakulima wasubiri hadi mtandao urudi.

Kuna kodi ya zuio pia: kwa huduma za kitaalamu ni asilimia 5 kwa mkaazi na asilimia 15 kwa asiye mkaazi, na wewe unayelipa ndiye unayepaswa kuikata na kuipeleka TRA. Kaa na mhasibu wako kabla ya kukubaliana bei. Majina, namba za NIDA na akaunti za benki za wakulima zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwa hiyo wakati wa majaribio mpe mhandisi majina ya kubuni.

Minada ya korosho huanza Oktoba. Anza kutafuta mtu Machi au Aprili, ili Agosti na Septemba karani wako awe anaujaribu mfumo kwa mizigo ya mfano huku daftari la zamani likiwa bado mezani.