Kikokotoo cha umbali wa ndege: uzoefu wangu katika safari ya Perth na London

Kabla ya kusafiri kutoka Perth, Australia, kwenda London, nilitumia kikokotoo kimoja cha intaneti kinachotaja umbali kati ya miji miwili yoyote pamoja na muda ambao ndege itautumia kuumaliza. Niliandika majina ya miji hiyo na papo hapo nikapata jibu: kilomita 14,500, saa 16 na dakika 7.

Kuhusu umbali sina lawama. Njia hiyo, ambayo tangu Machi 2018 ina safari za moja kwa moja kwa ndege aina ya Boeing 787-9, hutajwa kwa takriban kilomita hizo hizo popote unaposoma habari zake. Ni kweli kwamba kikokotoo hupima kutoka katikati ya mji mmoja hadi katikati ya mwingine, ilhali uwanja wa Heathrow uko nje kidogo, magharibi mwa London. Lakini katika masafa marefu kiasi hicho, kilomita ishirini na kitu hazimsumbui mtu.

Kasoro iko kwenye muda. Gawanya 14,500 kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa, utapata jibu lile lile nililopewa, na nilipoyageuza majina ya miji nikapewa tena saa 16 na dakika 7, kana kwamba kwenda na kurudi ni mamoja. Upepo mkali wa anga za juu huvuma kutoka magharibi kuelekea mashariki, kwa hiyo ndege inayokwenda London hupambana nao, na inayorudi Perth husukumwa nao. Ratiba yangu ya kwenda ilikuwa saa 17 na dakika 20, na ya kurudi haikufika saa 17. Tena, ule mstari mwekundu unaochorwa kwenye ramani ndiyo njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, ambayo marubani hawaifuati sawasawa, kwa kuwa hulazimika kukwepa dhoruba na anga zisizo salama. Mwezi Aprili 2024, kwa mfano, safari hiyo ya kwenda London ilipitishwa Singapore kwa muda kutokana na mvutano wa Mashariki ya Kati.

Mimi niliamini kikokotoo kuliko tiketi iliyokuwa mfukoni mwangu, jambo ambalo bado linanitia aibu. Tuliondoka saa 12:45 jioni, nami nilikuwa nimekwisha kumwambia mwenyeji wangu kwamba, baada ya kuondoa saa 7 za tofauti ya majira ya kiangazi, ningetua kabla ya saa 10 alfajiri. Tulitua saa 11 na dakika chache, kisha nikapanga foleni ya pasipoti na kusubiri mizigo, wakati yeye amekwisha kunywa chai ya pili.

Kwa anayetaka kilomita tu, au anayelinganisha miji kabla ya kuchagua safari, kikokotoo hiki kinafaa na ni chepesi kutumia. Nimekipa nyota 3 kati ya 5, na ya nne nitaiongeza siku kitakapotoa muda wa kwenda peke yake na muda wa kurudi peke yake.