Kamera ya sola yenye laini au kamera za waya: ipi ifungwe shambani?

Kama shamba lako liko Kilosa au Laikipia na nguzo ya umeme haijafika, nunua kamera ya sola inayotumia laini ya simu. Haitaki waya wala Wi-Fi. Ila ielewe vizuri: ili kutunza betri, nyingi hulala mpaka kihisi kigundue joto la mtu au mnyama anayepita, ndipo ziamke na kurekodi. Mwizi anayekatiza mbio unaweza kumwona mgongo tu. Bando huliwa zaidi unapotazama moja kwa moja kwenye simu. Picha nazo mara nyingi hukaa kwenye memori kadi ndani ya kamera yenyewe. Ikiibwa, ushahidi umekwenda nayo. Kwa hiyo ifunge juu, pasipofikika bila ngazi, na paneli isifunikwe na kivuli cha mwembe.

Za waya hurekodi saa 24 hata bila intaneti, na mashine inayohifadhi picha unaifungia kabatini. Kwa nyumba yenye umeme sisiti kuchagua hizi. Umeme ukikatika bila betri ya akiba, zinazima zote. Ukitumia waya wa mtandao, usivuke meta 100 kutoka kwenye mashine hadi getini.