Padi mpya ya Valve: sijaishika ila nishaipa maksi

Niseme mapema, hii padi ya kuchezea gemu, Steam Controller, sijaishika, kwahiyo napima kwa macho tu na kwa yale Valve (wale wenye duka la gemu la Steam) waliyotangaza Novemba 2025 pamoja na ile konsoli yao ya Steam Machine. Mwenye nongwa anisamehe.

Watu wengi wameganda kwenye zile tachipadi mbili za mraba (za kupapasa kwa kidole kama ya laptop) zilizokaa chini ya stiki, vile vijiti vya kusukuma kwa dole gumba. Mi jicho langu lilienda kwenye stiki zenyewe. Ni za sumaku, aina inayoitwa TMR, na aliyewahi kumiliki padi inayojiendesha ashanielewa. Mi nilikuwa nayo moja, kampuni siitaji, miezi michache tu stiki ya kushoto ikaanza kuvuta kulia, yaani padi iko mezani, mikono nimekunja, halafu beki wangu anajiondokea zake taratibu anaacha goli wazi. Nikapuliza, nikasafisha na spiriti, nikaingia setingi nikaongeza dedizoni (ile nafasi ya katikati ambayo stiki ikisogea haihesabiki) mpaka stiki ikawa kama usukani wa trekta, wapi!

Shida yenyewe ni kwamba stiki za kawaida zina kachuma kanachosugua utepe wa kaboni kila ukisukuma, na kitu kikisuguliwa kila siku lazima kilike. Ya sumaku haisuguani, sensa inahisi tu sumaku imesogea wapi basi. Na wala sio mambo ya jana, padi ya Dreamcast, konsoli ya Sega, ilikuwa na stiki ya sumaku tangu 1998, sasa wengine miaka yote hiyo walikuwa wapi sijui, labda padi isiyokufa haina biashara (nachokonoa tu).

Tukirudi kwenye tachipadi, ile padi yao ya 2015 ilikuwa na mbili kubwa za duara na stiki moja tu, watu hawakuizoea, 2019 wakaacha kuitengeneza. Safari hii stiki ziko mbili kamili, kwahiyo hakuna anayelazimishwa kutumia tachipadi. Nadhani kwenye gemu zilizotengenezwa kwa mausi zitasaidia sana, zile za kujenga miji na kupanga majeshi, ila kwenye mpira zitabaki pambo.

Kinachonipa wasiwasi ni ile Grip Sense, ukikamata mikono ya padi inahisi, unaweza kuiseti iwashe jairo (sensa inayohisi padi ikiinama au kugeuka), ukiachia inazima, hapo unalenga kwa kuinamisha padi. Wazo tamu sana, ila kiganja kikilowa jasho itajua nimeshika au nimeachia? Halafu kwa picha naona imenenepa, wenye vidole vifupi kazi wanayo.

Kwa sasa nane kwa kumi. Moja nimeikata kwa unene, moja naishikilia mpaka nicheze nayo saa tatu mfululizo viganja vikiwa chepechepe.