Kugharimia uongozi wa asasi au kuwaachia wenyeji fungu lao?

Wakfu unaotaka kusaidia asasi za kiraia za Lindi na Mtwara huwa na njia mbili. Ya kwanza ni kugharimia uongozi wenyewe, yaani mshahara wa mratibu, mafunzo ya bodi na ukaguzi wa hesabu. Matumizi haya hayana cha kupigiwa picha, lakini Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 inadai taarifa kila mwaka, na asasi ambayo mhasibu wake ni wa kujitolea, stakabadhi zake zikikaa kwenye mfuko wa rambo, huikosa ruzuku ya pili hata kama kazi yake ni njema.

Njia ya pili ni fungu dogo linalogawanywa na kamati ya wenyeji. Wao wanajua shida ya maji ya Nyanda za Juu za Makonde, na wanajua kwamba mkutano ulioitishwa Oktoba, watu wakiwa mashambani wakiokota korosho, utahudhuriwa na viti. Hatari yake ni undugu, kwani mwombaji huweza kuwa shemeji wa mwenyekiti. Kwa asasi changa, mimi ningeanza na mhasibu.